Kuskani, kusafisha au kuacha ilivyo: picha za wazee zifanyweje?

Bibi alipofariki alituachia viunga viwili vya minazi vyenye kesi, na mkebe mmoja wa biskuti uliojaa picha. Kesi zinaendelea. Mkebe uliniangukia mimi, maana ukiwa mtu wa kompyuta katika ukoo, kila chenye waya au karatasi ni chako.

Ndani mlikuwa na picha mia na ushei. Kulikuwa na nyeusi na nyeupe zenye kingo kama meno ya msumeno, na za pasipoti zilizobanduliwa kwenye vitambulisho zikaondoka na nusu ya mhuri. Za rangi za miaka ya 80 zilikuwa nyekundu kote kama zimepikwa na nyanya, na nne zilikuwa zimegandana zikawa kigae kimoja kigumu. Karibu mwaka mzima nimehangaika nazo. Nimejaribu simu, skana, steshenari, fundi wa studio na programu za akili bandia. Kwa hiyo nalinganisha vitu nilivyovitumia, vingine kwa hasara.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Ukipata skana, hata ya kuazima, skani kila picha pande zote mbili kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, kabla hujaifanyia jambo lingine. Ukikosa skana, simu inatosha kwa picha kubwa na kwa zile zilizoganda kwenye albamu. Kusafisha mpe fundi ambaye utakaa naye ubavuni. Akili bandia itumie kwenye ukuta na anga, usiipe uso wa mtu. Na zipo picha ambazo hazistahili kuguswa kabisa. Asiye na haraka tuendelee.

Neno moja linaloponza

Wakubwa wenzangu wanakumbuka: "kusafisha picha" ilikuwa kupeleka filamu studio, ikaingia chumba cha giza, ukarudi baada ya siku tatu kuzichukua. Leo ukimwambia kijana akusafishie picha anaelewa umemtuma afute madoa. Mimi nilimwachia mpwa wangu mkebe nikamwambia "zisafishe hizo wakati nikirudi", nikimaanisha azipange aanze kuziskani. Niliporudi nilimkuta kibarazani na beseni, kitambaa na sabuni ya unga. Picha mbili zilikuwa zimeshavuliwa ngozi. Sikumlaumu, neno ni langu.

Tangu siku hiyo nimezitenganisha kazi tatu, na ulinganisho wote unasimama hapo. Kuna kunakili: kuichukua picha kama ilivyo leo, na madoa yake. Kuna kusahihisha: kukiinua kilichofifia lakini bado kimo ndani ya karatasi. Kisha kuna kujaza: kuchora mahali ambapo hakuna tena kitu. Programu nyingi za simu zimezikunja zote tatu ndani ya kitufe kimoja, na hapo ndipo watu wanapopoteza sura za wazee wao huku wakishangilia.

Kunakili: simu, skana, au dirisha la steshenari

Simu ina sifa tatu. Unayo tayari, ni ya haraka, na haiigusi picha. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa. Zile albamu zenye gundi ya mistari na karatasi ya nailoni juu, zilizokuwa fasheni kila sebule, gundi yake hugeuka njano na kuishika picha hata ukiivuta inaacha uso wake nyuma. Picha kama hiyo usiing'oe. Fungua nailoni taratibu kama inakubali, piga ilivyo kwa simu, ufunge. Ukitaka kujaribu kuitoa, pitisha uzi wa meno chini yake kama unakata ugali kwa uzi, ukikuta inagoma acha. Vivyo hivyo picha iliyonata kwenye kioo cha fremu: nakili ukiwa nje ya kioo, usivute.

Aibu ya simu ni mng'ao, kupinda na kiherehere. Mng'ao unatibika. Weka picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima taa ya chumbani, zima flashi. Kama kuna kioo, mwite mtu mmoja ashike buibui jeusi nyuma ya simu, kioo kikiakisi kiakisi weusi. Kupinda kunatokana na kuisogelea picha mno. Rudi nyuma kidogo, vuta kwa kukuza, na hakikisha simu imelala sambamba na meza. Kiherehere ni kwamba simu nyingi za siku hizi hulainisha nyuso zenyewe bila kuulizwa. Tafuta mahali palipoandikwa urembo, au neno linalofanana nalo, uzime. Niligundua baada ya picha thelathini kwamba ndugu wote wa marehemu babu wamepata ngozi ya mtoto mchanga.

Zipo programu za kuskani kwa simu. Zile zilizotengenezwa kwa picha, kama PhotoScan ya Google, hupiga mara kadhaa kutoka pembe tofauti kisha huunganisha ili mng'ao upotee, na kwa picha za kung'aa zinafaa kweli. Zile za kuskani hati usizitumie. Kazi yake ni kuifanya karatasi iwe nyeupe na wino uwe mweusi, kwa hiyo kanzu ya mzee inakuwa tundu jeupe na uso wake unakuwa mhuri.

Skana ya bapa inashinda kwa picha ndogo, na hesabu yake ni nyepesi. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, kwa dpi 300, inakupa nukta 413 kwa 531 tu. Ukiikuza iwe ya kutundika ukutani itapasuka vijisanduku. Kwa dpi 600 unapata 827 kwa 1063, na kwa 1200 ni 1654 kwa 2126. Kwa hiyo ndogo kabisa nazipeleka 1200. Picha ya inchi 4 kwa 6 kwa dpi 600 inatoka 2400 kwa 3600, inatosha kwa lolote utakalo. Ukihifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyoibana picha, faili moja ya namna hiyo inafika megabaiti 26 hivi. Ni nzito, ila haipungui ubora kila unapoifungua na kuihifadhi tena, kama inavyopungua JPEG, ile aina ya kawaida ya picha za simu. Mimi nimeweka TIFF kwa picha kama arobaini ambazo hazina pacha, nyingine zote JPEG ya ubora wa juu. Maisha ni mafupi na diski inajaa.

Kuna sababu nyingine ya kupenda skana ambayo wengi hawaiwazi. Filamu na karatasi za rangi kwa miaka mingi zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, zile kadi za Shirley za Kodak. Sisi wenye ngozi nyeusi tukipigwa kundi zima kibarazani, tulitoka meno na macho. Mara nyingi sura haikupotea, imelala tu ndani ya giza. Skana ukiiweka irekodi rangi kwa kina, ile wanayoiita biti 48, unaweza baadaye kuinua giza hilo na kumkuta mjomba anacheka. Picha ya simu ukiiinua hivyo inakutolea mchanga. Zima tu vile vitufe vya "kurudisha rangi" na "kuondoa vumbi" wakati wa kuskani. Hiyo ni kazi ya baadaye, ikifanyika sasa hutajua ilikula nini.

Steshenari ni suluhisho la wasio na skana, na bei yake haizidi sahani ya wali. Lakini kijana wa dirishani amezoea vyeti vya shule. Usipomwambia, ataskani kwa dpi 150 au 200, akupe PDF. Mwambie kwa maneno matatu: dpi 600, JPEG, kioo. Kioo maana yake picha ilazwe juu ya kioo kwa mkono, isipitishwe kwenye ule mdomo wa juu unaovuta karatasi zenyewe. Duka moja, jina nalihifadhi, lilipitisha picha ya babu mdomoni. Ilitoka na mkunjo uliokatiza paji la uso kutoka sikio hadi sikio. Kijana akaniambia "usijali mzee, tutaifuta kwenye kompyuta". Kwenye kompyuta ilifutika. Kwenye karatasi iko hadi leo.

Ukikuta negativu, ile filamu yenyewe ambayo picha husafishwa kutoka kwayo, ndani ya bahasha, simama. Negativu ina habari nyingi kuliko picha iliyotokana nayo, hata kama picha ni safi. Skana zenye taa kwenye kifuniko zinazisoma. Asiye nayo anaweza kuwasha tableti ioneshe ukurasa mweupe mtupu, akainyanyua negativu sentimita chache juu ya kioo ili nukta za skrini zisionekane, akapiga kwa simu na kugeuza rangi. Inasaidia kujua ni picha gani, kabla hujatafuta skana ya kweli.

Nyuma ya picha kuna nusu ya habari

Hili silinganishi na kitu, nalisisitiza tu. Skani nyuma. Mhuri wa studio unakupa mji, wakati mwingine mtaa, na baadhi ya studio hazikutupa kumbukumbu zake. Capital Art ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilikuwa imetunza hazina ya picha za mji toka enzi za masultani. Kwenye mkebe wa Bibi picha moja isiyo na maana yoyote kwa mbele, vijana wawili na baiskeli, nyuma imeandikwa kwa penseli: "Mie wa kulia. Baiskeli si yangu." Sasa nampenda mtu huyo, na bado simjui.

Nazipa namba: 017a mbele, 017b nyuma. Halafu nikamkalisha shangazi yangu wa Mombasa kwenye simu, nikamtumia moja moja, nikirekodi sauti huku akisema "kumi na saba, hapo ni Tanga, stesheni". Alivyokuwa akipotea njia na kuingia hadithi nyingine sikumkatisha. Faili za sauti zina namba zilezile. Ukiwa na mzee aliye hai na muda wa jambo moja tu, acha picha, karatasi inaweza kungoja mwezi. Rekodi mzee.

Kusahihisha: fundi au kitufe

Picha za rangi zilizogeuka wekundu ndizo rahisi kuliko zote, na hapa programu ya kawaida ya kuhariri inatosha. Picha hizo zina rangi tatu zilizopangwa tabaka, na kila moja hufifia kwa mwendo wake. Ile ya samawati-kijani ikitangulia, wekundu unabaki peke yake. Lakini mara nyingi haijaisha, imekonda tu. Ukiinua kilichokonda na kupunguza kilichozidi, gauni la shule linarudi kuwa la bluu, na si kwa kubahatisha. Hii ndiyo kazi ninayoiita halali, maana kila kitu kilikuwemo.

Mikwaruzo ni kazi ya fundi. Fundi mzuri wa studio anachukua kipande cha ukuta kilicho kizima, anakiweka juu ya kilichochanika. Ni kazi ya saa, siyo dakika, na bei inaendana. Nilimpata mmoja mwenye mkono mwepesi, ila nilijifunza kukaa ubavuni kwake, kwa sababu mafundi wetu wana ukarimu. Usipomzuia atamweupisha marehemu, atamvalisha suti ya kubandika, atabomoa ukuta wa udongo na kuweka maua na maporomoko ya maji. Ukimuuliza anakwambia wateja ndio wanavyotaka, naye hasemi uongo.

Tusijifanye kwamba picha zenyewe zilikuwa ukweli mtupu, lakini. Studio za zamani zilikuwa na koti na tai zinazoning'inia ukutani kwa ajili ya mteja. Zilikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba. Mafundi walitia penseli kwenye negativu kulainisha makunyanzi, na wengine walipaka rangi kwa brashi juu ya nyeusi na nyeupe, midomo ikawa myekundu kama ya mwanasesere. Tofauti ni kwamba udanganyifu ule aliuchagua babu mwenyewe, akalipia. Koti la kuazima ni habari juu yake. Suti anayobandikwa leo ni habari juu yetu.

Kujaza: hapa ndipo nilipogombana na akili bandia

Nianze na haki yake. Kwa picha ya msiba inayotakiwa kesho asubuhi, wakati pekee iliyopo ni kijipicha cha kitambulisho, hakuna kinachoishinda kwa haraka. Doa la maji kwenye ukuta, mpasuko kwenye anga, inaziba kwa sekunde kumi vizuri kuliko fundi wa saa mbili. Nimeitumia, nitaitumia tena.

Tatizo ni namna inavyofanya kazi. Programu hizi zimelishwa nyuso mamilioni. Ukiipa uso uliofifia haiutafuti uso ule, maana haumo tena kwenye faili. Inachora uso unaoelekea kuwepo mahali pale. Mwaka 2020 programu moja ya utafiti, PULSE, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi vijisanduku vichache. Ikatoa uso safi kabisa wa mwanamume Mzungu. Watu walicheka dunia nzima. Ukiona imemfanyia hivyo mtu ambaye kila mtu anamjua, jiulize imemfanyia nini mama mkubwa wako ambaye hakuna wa kumkosoa.

Babu yangu alikuwa Mmakonde wa Newala, aliyekuja Tanga kama manamba kukata mkonge. Alikuwa na nembo usoni, zile chale za Kimakonde, mistari iliyopangwa mashavuni na kwenye paji. Nilipoiingiza picha yake programu ilizichukua kuwa ni mikwaruzo ya karatasi. Ikazifuta zote, bila kubakiza hata moja. Babu akatoka mtanashati kama karani wa benki. Kaka yangu mdogo, ambaye hakumkuta, aliipenda sana akaiweka kwenye grupu la familia, na ndani ya saa moja ilikuwa picha ya wasifu ya watu saba. Nusu ya wajukuu sasa wanaamini hiyo ndiyo sura. Naituma ile yenye chale kila nipatapo nafasi, na kila mara mtu ananiuliza kwa nini natuma iliyoharibika.

Kisha rangi. Picha nyeusi na nyeupe inarekodi mwanga tu. Nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile, na filamu za zamani zaidi hazikuuona wekundu kabisa, kitu chekundu kilitoka cheusi. Kwa hiyo anayeipaka rangi leo anakisia. Kwenye mkebe kuna picha ya bibi harusi aliyejifunga kisutu. Mwanamke yeyote wa pwani akiona lile pambo hata kwa kijivu anajua ni kisutu, na kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakuna mjadala. Programu ilimpaka bluu ya maji ya bahari. Imependeza. Siyo kisutu tena, na kwa hiyo siyo harusi tena.

Lakini iliyoniudhi zaidi ni ya Bibi mwenyewe. Amesimama studio, mkono kwenye stuli ya maua ya plastiki, kanga imezunguka kiunoni na jina lake limekaa mbele. Kwenye karatasi herufi zimefifia, unasoma kwa shida: "…SIDI HANA SAB…" Mswahili hahitaji kumaliziwa. Hasidi hana sababu. Niliipitisha kwenye programu ili iwe kali, ikawa kali, na kanga ya Bibi ikaandikwa kwa herufi zilizonyooka vizuri: "SIOI HAMA SAQ". Haiwezi kusoma kanga, inajua tu kwamba hapo kuna kitu kinachofanana na maandishi.

Na jina la kanga si pambo. Shangazi alipoiona, kabla hata sijamuuliza, alicheka. Mwaka ule babu alikuwa ameoa mke wa pili, akamjengea chumba cha mbele. Bibi hakusema neno. Alinunua kanga, akaenda studio, akapiga picha, akaitundika ukumbini mahali ambapo mwenzake angepita kila siku kwenda kisimani. Hiyo ndiyo picha. Ukiifuta herufi unabaki na mama aliyesimama karibu na maua.

Hata pasipo ugomvi, kanga inakusaidia kupata mwaka. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndipo zikaja za Kirumi. Ukiona kwenye pindo neno Urafiki, kile ni kiwanda cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, basi picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ushahidi wa namna hiyo unakaa kwenye milimita mbili za karatasi, mahali hasa ambapo programu hujisikia huru kubuni.

Kwa hiyo kanuni yangu nyumbani imekuwa hivi: programu inaruhusiwa kugusa kila kitu isipokuwa uso, nguo yenye maandishi, na mikono. Zile zinazokuruhusu kupaka kwa kidole sehemu ya kushughulikia ndizo nanunua. Zenye kitufe kimoja nimezifuta. Na faili iliyoguswa naiongezea neno mwishoni, 017a_imeguswa, ili mtu asiichanganye na nakala.

Kuweka

Nitapita haraka, maana hapa hakuna siri. WhatsApp ikituma picha kama picha inaibana na kuiondolea tarehe na taarifa zake. Itume kama dokumenti. Google Photos ilikuwa bure bila kikomo hadi 1 Juni 2021, sasa ni gigabaiti 15 zinazogawanywa na barua pepe zako. Flashi ni ya kubebea, si ya kuwekea. Mimi nina diski moja kwangu, nakala moja mtandaoni, na diski ya tatu kwa shangazi Mombasa, kwa sababu mwizi na mafuriko havipangi zamu.

Za karatasi zirudishe kwenye bahasha za karatasi, ndani ya mkebe, chumba chenye hewa, mbali na paa la bati. Na tafadhali usizipige lamineshini. Najua mtaani kila kitu kinapigwa lamineshini, hadi kadi za kliniki. Moto na gundi vikiingia kwenye picha havitoki tena, na skana ya kesho itasoma plastiki. Nilizikuta tatu namna hiyo, na ndizo zenye hali mbaya kuliko zile zilizoliwa na mende.

Ile isiyoguswa

Imebaki moja. Ni picha ya babu amekaa kitini, Bibi amesimama kushoto kwake. Kulia imekatwa kwa mkasi, wima, kwa mkono usiotulia. Aliyekuwa upande huo hayupo, ila vidole vyake vinne vimebaki begani kwa babu.

Fundi alinishauri aviondoe vile vidole, "vinatisha". Programu moja ilivigeuza kuwa mkunjo wa koti. Nyingine, ukiiambia ipanue picha, ilimchora mwanamke mzima, kijana, mwenye tabasamu na vidole sita. Mimi niliiskani kwa 1200, mbele na nyuma, nikaipa namba 088 na sikuifanya lolote. Sote tulidhani tunajua nani alikata na kwa nini. Ukishaijua ile kanga, hukumu inajitoa yenyewe.

Shangazi alipofika namba 088 alinyamaza, kwenye rekodi inasikika feni tu. Kisha akasema: "Hiyo nilikata mimi." Alikuwa na miaka minane, anapelekwa kusoma kwa ndugu Mombasa. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. Alitaka picha yake aondoke nayo, na ilikuwa hiyo moja tu, akachukua mkasi wa cherehani. Alichapwa na Bibi, akasema, lakini hakuonesha alikoificha.

Nikamuuliza kile kipande kiko wapi. Akasema kiko ndani ya msahafu, kilikuwa humo siku zote, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni ile alinitumia. Kimekuja kama picha ya kawaida, kimebanwa, usoni mwa mama mdogo ni vijisanduku vitupu. Nimemwomba akitume tena kama dokumenti.